Stika na kadi za RFID za 13.56 MHz: ipi ununue kwanza?

Muuzaji wa stika na kadi hizi, zinazosomwa kwa mawimbi ya redio bila kuguswa, atakutajia ukubwa wa kumbukumbu. Wewe muulize kwanza kiwango cha ISO, yaani kanuni za mawasiliano inazofuata, kisha ukilinganishe na kisomaji chako. Masafa ni yale yale, lakini ISO 14443 na ISO 15693 hazielewani: moduli ya kusomea ya RC522, inayopendwa kwa bei yake, haioni kabisa stika ya 15693.

Kwa watu wengi namba moja ni NTAG213. Ni ya 14443 aina A, na simu zenye NFC huisoma. Kumbukumbu yake ina kurasa 45 za baiti 4 kila moja. 36 ndizo zako, yaani baiti 144. Ni chache, ila kiungo cha tovuti kinaenea vizuri, kwa sababu NDEF, mpangilio wa data ambao simu huusoma kwenye stika, huhifadhi "https://www." kwa baiti moja tu. Ukitaka jina, simu, barua pepe na anwani kwa pamoja, chukua NTAG215 yenye baiti 504. NTAG216 ina 888, na mara nyingi utalipia nafasi itakayobaki tupu. Angalia sana biti za kufunga, zinazozuia kuandika upya: ukishazifunga, hazifunguki tena.

Kwa maktaba, chukua ICODE SLIX bila kusita. Hii ni ya 15693, ina bloku (vipande vya kumbukumbu) 28 za baiti 4, husomwa kwa mbali kuliko NTAG, na ina alama ya kuzuia wizi langoni.

Mlango wa ofisi au nauli? DESFire EV3. Haina bloku za kuandikwa ovyo. Ina programu zenye mafaili, kila programu na funguo zake za usimbaji wa AES. Ni ghali, na inahitaji fundi anayeijua.

Ya mwisho ni MIFARE Classic 1K, ingawa bado inauzwa kila mahali. Sekta 16 za bloku 4, kila bloku baiti 16, zinafanya 1024. Lakini bloku ya mwisho ya kila sekta ni ya funguo, na bloku ya kwanza kabisa ni ya kiwanda, hivyo unabaki na 752. Usimbaji wake, Crypto1, ulivunjwa hadharani mwaka 2008, na kadi za kunakilia zinapatikana kwa urahisi. Baadhi ya simu haziisomi. Inunue tu kama kitasa ulichonacho hakikubali nyingine.

Stika yoyote utakayobandika juu ya chuma, agiza yenye tabaka la feraiti, linaloikinga stika na athari ya chuma.