Makopo ya "hewa" ya kupulizia kompyuta: lipi tununue Lubumbashi, lipi tuliache dukani

Kuanzia mwezi wa tano hadi mvua za kwanza za mwezi wa kumi, kila feni ya kompyuta hapa Lubumbashi inakula udongo mwekundu. Ndiyo maana makopo ya kupulizia vumbi hayakai sana kwenye rafu za butike za vifaa vya kompyuta. Kwa macho yanafanana: kopo refu la chuma, kifyatulio cha plastiki, mrija mwembamba mwekundu umebandikwa ubavuni. Ndani hayafanani hata kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama fundi atamaliza kazi akiwa bado na nyusi zake.

Tuanze na neno lililoandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote. Si hewa. Inamisha kopo pole pole karibu na sikio, utasikia kimiminika kikitembea ndani. Hewa haigeuki kimiminika kwenye kopo jembamba namna ile. Kilichomo ni gesi iliyobanwa ikawa kama maji, na ikifunguliwa inachemka papo hapo, inatoka kwa nguvu na kusukuma vumbi. Kwenye makopo mengi ya sasa gesi hiyo inaandikwa 1,1-difluoroethane au HFC-152a. Inachemka kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, ni nzito kuliko hewa zaidi ya mara mbili, na inawaka.

Mafundi wa zamani wanabisha hapa, na wana sababu. Makopo waliyojifunzia mengi yalikuwa na HFC-134a, gesi ambayo katika joto la kawaida la chumba haishiki moto. Shida yake ni hewa ya dunia: kilo moja ya 134a inapasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa, wakati 152a inahesabiwa 124. Ulaya ilizuia 134a kwenye makopo ya kazi za kiufundi kuanzia tarehe 1 Januari 2018, isipokuwa pale usalama unapoidai, na Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, makubaliano ya nchi nyingi, yanapunguza gesi za jamii hiyo duniani kote. Kwa hiyo gesi imebadilika, kopo limebaki na sura ile ile, na mkono wa fundi umebaki na mazoea yale yale.

Dukani, usisome mbele ya kopo. Geuza nyuma, tafuta maandishi madogo. Kopo linalowaka lina alama ya moto ndani ya pembe nne yenye ukingo mwekundu, na maneno ya Kifaransa "aérosol extrêmement inflammable", au namba H222. Kopo lisilowaka linabaki na H229 peke yake, yaani chombo chenye mgandamizo kinachoweza kupasuka kikipashwa moto, bila ile alama ya moto. Kopo lisilo na maandishi yoyote ya gesi, au lenye lugha ambayo wewe na muuzaji hamuisomi, lihesabu kuwa linawaka. Na muuzaji akitaka kukuonyesha kwa kiberiti kwamba haliwaki, toka dukani kwanza, mbishane baadaye.

Sasa hesabu, maana watu hudhani lazima kopo zima liishe ndipo hatari ije. Gesi ya 152a inaanza kushika moto ikifika karibu asilimia 3.9 ya hewa. Kasha la kompyuta ya mezani lina nafasi ya lita 40 hivi. Asilimia 3.9 ya lita 40 ni lita moja na nusu ya gesi, na hiyo ni takriban gramu 4 za kimiminika: kijiko kimoja cha chai. Kopo la gramu 300 lina vijiko vya namna hiyo zaidi ya sabini. Ndani ya printa ya leza, yenye nafasi ndogo zaidi, gramu 2 zinatosha.

Upande wa pili wa hesabu hiyo nao usemwe. Kontena la futi 20, kama yale wanayofanyia fotokopi pembeni ya barabara, lina hewa ya mita za ujazo 33 hivi. Ukimwaga kopo zima humo, gesi ikichanganyika sawasawa, haifiki hata nusu asilimia. Basi mbona ajali zinatokea? Kwa sababu haichanganyiki sawasawa. Ni nzito, inashuka, inalala chini ya meza, inajaa ndani ya kasha kama maji kwenye beseni. Na chini ya meza Lubumbashi kuna nini? Kuna stabilizateri.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu maandishi ya kopo, yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi zenye umeme uliotulia, hayataji jambo hili. Stabilizateri ya kawaida inasahihisha umeme kwa relei, yaani swichi inayojifungua na kujifunga yenyewe. Umeme ukipanda au kushuka, unasikia "ta!" ndani yake: huo ni mguso wa chuma ukifunguka na kufunga, na kila mara kuna cheche ndogo. Haimsubiri mtu, haina kitufe cha kubonyeza. Iko sakafuni, ina matundu pembeni, pale pale gesi inapolala. Ondulere, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, ni jirani yake: ukichomoa waya wake ukutani haizimi, betri inaendelea kulisha kompyuta, na umeme wa SNEL ukirudi, relei inaruka. Kwa hiyo kuchomoa kompyuta peke yake hakutoshi. Zima stabilizateri na ondulere kwa swichi zao, chomoa zote ukutani, au, bora zaidi, beba kompyuta uitoe nje barazani na uziache hizo ndani.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Zima mashine, chomoa waya, toa betri kama inatoka. Printa na projekta ziache zipoe angalau nusu saa. Kitengo cha kukaangia wino ndani ya printa kinafika nyuzi 180 hadi 200, na ingawa joto hilo peke yake haliwashi 152a (hiyo inahitaji karibu nyuzi 455), waya za taa yake ya kupashia joto na swichi yake ya joto zinaweza. Peleka mahali penye upepo, mbali na mbabula (jiko la makaa), jenereta, sigara na chuma cha kulehemu. Mbali maana yake si upande wa pili wa meza. Mama anayekaanga samaki kwa makala chini ya upepo wako naye ahesabiwe. Fungua mifuniko pande zote mbili. Shika kopo wima, mdomo wa mrija ukiwa sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye vumbi, puliza sekunde moja au mbili, pumzika, puliza tena. Shika feni kwa kijiti cha meno isizunguke. Ikizungushwa kwa upepo mkali inaharibu beringi zake na inazalisha umeme kwenye ubao. Ukimaliza, laza kasha kwa upande uliofunguliwa, gesi imwagike chini, pepea kwa kipande cha katoni, subiri dakika 10 ndipo urudishe waya. Hizo dakika 10 ndizo mteja mwenye haraka anazoziiba.

Kuna mashine ambazo hatupendekezi kopo linalowaka kabisa, hata zikiwa zimechomolewa. Ya kwanza ni mashine ya kukatakata karatasi: mota yake ina brashi za kaboni zinazotoa cheche tangu mzunguko wa kwanza, na kasha lake limefungwa kama chungu. Mtu anapuliza, anawasha kujaribu, moto unatokea kwenye mdomo wa kuingizia karatasi, mbele ya uso wake. Ya pili ni printa yenye wino wa unga uliomwagika. Wino huo ni laini mno, ukiupuliza unaingia mapafuni na kwenye vioo vya ndani, na hakuna kopo litakaloutoa huko. Na kosa moja linalofanywa na watu makini kuliko wote: mmoja anapuliza, mwenzake ameshika mashine ya kufyonza vumbi pembeni ili chumba kisichafuke. Mashine hiyo inafyonza gesi na kuipitisha kwenye mota yenye cheche. Usafi ule unaweza kuwaka.

Kopo likipulizwa mfululizo linaganda mkononi. Kimiminika kinapochemka kinanyang'anya chuma joto lake, mgandamizo unashuka, upepo unalegea. Asubuhi za mwezi wa saba hali ni mbaya zaidi. Kwenye nyuzi 20 ndani ya kopo la 152a kuna mgandamizo wa karibu bari 5. Kwenye nyuzi 10 hazifiki hata 4. Ndipo mtu anaona akili ni kuliweka karibu na mbabula "lichangamke". Kwenye nyuzi 50 mgandamizo unakaribia bari 12, na hapo ndipo maandishi ya kopo yanaposema basi. Dawa ya kopo baridi ni kuliweka chini dakika chache, au kuwa na makopo mawili ya kupokezana. Kwa sababu hiyo hiyo usiliache kwenye dashibodi ya gari mwezi wa kumi.

Ukilipindua chini juu, kinachotoka si upepo tena, ni kimiminika chenyewe. Kikigusa ngozi kinaunguza kwa baridi. Tia maji ya uvuguvugu, usisugue. Kikigusa kioo cha kamera au plastiki yenye joto kinaweza kuacha doa au ufa. Moto ukitokea, achia kifyatulio, rudi nyuma, tumia kizimamoto cha unga, fungua mlango. Usibaki kunusa kilichoungua: gesi hizi zikiungua zinatoa hidrojeni floraidi, mvuke mkali unaochoma macho na mapafu, na madhara yake yanaweza kuchelewa kuonekana. Hata 134a "isiyowaka" inatoa sumu hiyo ikigusa chuma chekundu cha moto.

Hukumu yetu basi. Makopo yenye butani, propani au dimethili etha yaacheni dukani. Ni ya bei rahisi na yanapuliza kwa nguvu, lakini butani inaanza kuwaka kwenye asilimia 1.8 tu, kwa kasha lile la lita 40 ni gramu zisizofika 2. Makopo ya 152a ni mazuri kwa kibodi, kamera, ubao wa simu na kompyuta ya mkononi iliyofunguliwa barazani, kwa anayefuata utaratibu. Makopo ya 134a, ukiyapata na maandishi yake kamili, ni bora kwa mahali pasipoweza kuhamishwa, mathalani kabati la seva. Gharama yake ni kwa hewa ya dunia, kwa hiyo yatumieni kidogo. Gesi nyingine, HFO-1234ze, ina madhara madogo sana kwa hewa ya dunia na katika chumba chenye baridi haiwaki, ila ikifika karibu nyuzi 30 inaweza kuanza kushika moto, na Lubumbashi ya mwezi wa kumi inazipita hizo mchana.

Kwa nyumba ya fotokopi au karakana inayofungua kompyuta kila siku, hatuoni sababu ya kuishi kwa makopo. Kipulizio cha umeme cha mkononi cha wati 500 au 600 kinafanya kazi ya makopo mengi, na udongo wetu mwekundu, ambao umeshaganda na mafuta ya jikoni, unahitaji upepo mwingi kuliko upepo wa baridi. Kasoro zake: kelele, kinataka umeme, na mota yake nyingi ni ya brashi, kwa hiyo usikiwashe mahali ulipomaliza kupuliza kopo. Weka mdomo wake sentimita 20 au 30 mbali. Kompresa ya fundi wa matairi tunaisifu kwa nguvu tu. Hewa yake hubeba maji na mafuta, na bari 8 zinang'oa vipande vidogo kwenye ubao. Kama hakuna njia nyingine, shusha hadi bari 2, weka chujio la maji.

Ukinunua kopo, linganisha gramu, si mililita. Kopo la mililita 400 linaweza kuwa na gramu 200 au 300. Lifungie kabatini kwa kufuli, kwa sababu ya vijana. Kuvuta gesi hii puani au mdomoni kunaweza kusimamisha moyo, hata mara ya kwanza, kwa kuwa gesi inaufanya moyo ushindwe kuhimili mshtuko. Ukimkuta mtoto anavuta, usimpigie kelele wala kumkimbiza. Mkaribie kwa sauti ya chini, mtoe penye hewa, mkalishe, akizidiwa mpelekeni hospitali. Makopo mengine yametiwa uchungu wa kuwazuia, mengine hayana.

Kopo lililoisha bado lina gesi, kwa sababu upepo unakoma kabla gesi haijaisha. Lipulizie nje mpaka litulie kabisa, usilitoboe, na msilitupe kwenye moto wa taka za uani.