Rubidi ya mtumba FE-5680A: uzoefu wangu wa kuihamisha kutoka 8.388608 MHz hadi 10 MHz

Wakuu, nimekaa na hii FE-5680A, yaani chombo kinachotumia atomi za rubidi kutoa frikwensi iliyotulia sana, muda wa kutosha kuweza kuisemea, na niseme mapema kwamba nimeipenda sana, kwa fundi anayepima frikwensi au anayecheza na redio hakuna kitu cha mtumba kitakachokupa usahihi wa namna hii kwa hela ya kawaida. Ila kuna mambo ambayo wauzaji wengi hawayaelezi na kubwa kuliko yote ni frikwensi inayotoka, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo.

Zilitengenezwa Marekani na Frequency Electronics, na nyingi zilifanya kazi kwenye mitambo ya mawasiliano ya simu kazi yake ikiwa kushika saa ya mtambo mzima, mitambo ikibadilishwa zinang'olewa na kuuzwa kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika, wengi wako China. Ni kaboksi ka chuma, kazito kuliko unavyotarajia, kenye kichwa cha pini 9 kama zile seriali za kompyuta za zamani. Sasa tatizo ni kwamba jina FE-5680A limeandikwa kwenye mashine ambazo ndani hazifanani. Kuna toleo linalotoa 10 MHz tu, hilo ukiliunganisha kwenye seriali unaweza kulisogeza kidogo sana huku na huku kwa ajili ya kulisahihisha lakini huwezi kuliambia sasa toa 5 MHz, halitakuelewa. Halafu kuna toleo la zamani zaidi, wanaliita opsheni 02, hilo ndilo unaliandikia frikwensi unayotaka mpaka 20 MHz. Yangu ni hilo la pili. Ilikuja inatoa 8.388608 MHz, namba ambayo inaonekana ya ajabu mpaka ukumbuke kwamba ni 2 kipeo cha 23, yaani ukiigawa kwa mbili mara 23 unapata Hz 1 kamili, ndiyo maana waliipenda wale waliotaka mpigo mmoja kila sekunde.

Mimi nilikuwa nataka 10 MHz. Sababu yenyewe ni setilaiti ya QO-100, ile ya maredio ya ridhaa iliyorushwa 2018, imekaa juu ya ikweta nyuzi 25.9 mashariki na kwa tuliopo Dar iko karibu utosini, kama nyuzi 72 hivi kutoka upeo wa macho, dishi linaangalia juu upande wa magharibi. Inashusha kwenye 10,489.5 MHz na kuendelea. Ukiipokea kwa LNB ya kawaida ya dishi la TV (kile kichwa cha mbele ya dishi), kristali yake ya 25 MHz ndiyo inazidishwa mara 390 kupata 9,750 MHz, na jua la hapa likiipiga hiyo LNB saa saba mchana kristali inahama, kosa la sehemu moja kwa milioni tu ni karibu kHz 10, wakati sauti ya mtu kwenye SSB, ile njia ya kutuma sauti ya maredio ya ridhaa, inachukua chini ya kHz 3. Unamsikiliza mtu, wingu linapita, huyo ameshaondoka. Kwa hiyo nilitaka chanzo kimoja imara cha 10 MHz, kiendeshe frikwensi kaunta, kiendeshe na kisaketi cha PLL (kinachofunga frikwensi moja ifuate nyingine) kinachotengeneza 25 MHz ya LNB. Nani asingependa kutoa 25 moja kwa moja kwenye rubidi, mimi pia ningependa, ila haiwezekani na sababu utaiona sasa hivi.

Ukielewa ndani kunafanyika nini, kubadilisha frikwensi hakutakutisha. Kuna taa ndogo yenye mvuke wa rubidi, mwanga wake unapita kwenye kichupa kingine cha rubidi na kufika kwenye kihisi cha mwanga. Pembeni kuna kristali ya kama 50.255 MHz, hiyo inazidishwa mara 136 na kufika karibu na 6,834.68 MHz, hapo ndipo atomi za rubidi 87 zinapoitikia, na zikiitikia mwanga unaofika kwenye kihisi unapungua kidogo sana. Saketi inauona huo upungufu na inaishika kristali isitoke hapo. Atomi kazi yao inaishia hapo, kuichunga ile 50.255. Hiyo 10 MHz au 8.388608 MHz inayotoka nje inatengenezwa na chipu ya DDS, inayounda wimbi kwa namba, ambayo inahesabu kutoka kwenye ile 50.255, kwa hiyo ukibadilisha output hugusi rubidi kabisa, unabadilisha namba moja ya biti 32 ndani ya DDS. Na kwa kuwa DDS haiwezi kuvuka nusu ya saa inayoiendesha, na kabla ya kufika hapo kuna filta inayokata, ndiyo maana wameishia 20 MHz na ile 25 tunaisahau.

Umeme: inataka volti 15 hadi 18, mwanzoni ikiwa inajipasha inavuta karibu ampia 2 na ikishapata moto inashuka chini ya ampia 1. Msiiwekee adapta ya laptopu moja kwa moja maana zile nyingi ni volti 19. Matoleo mengine yanataka na volti 5 kwenye pini ya 4, kwa hiyo ujue toleo lako kabla hujawasha. Mimi nimetumia pawa saplai ya transfoma ya zile nzito za kizamani, kwa sababu saplai za swichi zinaleta kelele na kelele hiyo utaiona baadaye kwenye spektra. Chini nimeifunga kwenye hitisinki kubwa ya alumini na pesti, hii si hiari, kwenye joto letu ukiiacha mezani wazi inapata moto mpaka hugusi. Baada ya dakika kama tano pini ya 3 inashuka kutoka volti karibu 5 hadi sifuri, maana yake imeloki, yaani kristali imeshashikwa na atomi. Kabla haijaloki usipime chochote, frikwensi inatangatanga.

Sasa seriali. Pini ya 8 na 9 ndizo za data, spidi 9600, unatumia programu yoyote ya terminali na adapta ya USB. Unaandika S unabonyeza enta, inakujibu R na F. R ni ile frikwensi ya kristali kwa mashine hiyo hiyo, kila moja ina yake iliyopimwa kiwandani, yangu ilisoma 50255054.58 Hz. F ni ile namba ya DDS kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16), kwangu ilianza na 2ABB50, ndiyo hiyo 8.388608 MHz.

Hesabu ni hii: frikwensi unayoitaka, zidisha kwa 2 kipeo cha 32 ambayo ni 4,294,967,296, gawanya kwa R. Kwangu 10,000,000 inatoa 854,633,893.42. Tumieni kikokotoo chenye tarakimu za kutosha, baadhi ya vile vya kwenye simu vinazungusha namba mapema na hapa ndipo vitakapokuharibia. Unachukua 854,633,893, unaigeuza heksa inakuwa 32F0ADA5, unaandika F=32F0ADA5, enta. Papo hapo kaunta ikaruka kutoka 8.388608 kwenda 10.000000, nilifurahi sana. Msinakili namba yangu wala ya mtu mwingine yeyote, R yako si R yangu. Na amri ya E ndiyo inahifadhi kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa, ili ukizima na kuwasha irudi hapo hapo, kwa hiyo jaribu kwanza na F peke yake mpaka uridhike, E iwe ya mwisho.

Lakini ile 0.42 iliyobaki je? Hapa ndipo watu wengi wanaishia bila kujua. DDS inapokea namba kamili tu na kila hatua moja ni 50,255,054.58 gawanya kwa 2 kipeo cha 32, yaani 0.0117 Hz. Kwa hiyo nikiikata hiyo 0.42 natoka chini ya 10 MHz kwa karibu 0.005 Hz. Ukiisikia hivyo ni ndogo, ila kwa rubidi hiyo ni sehemu 5 kwa bilioni 10, kubwa kuliko mtikisiko wake wenyewe kwa mbali mno. Kwenye osiloskopu nilitriga kwa mpigo wa sekunde wa risiva ya GPS nikaiangalia sainwevu ya 10 MHz, na kweli inateleza, taratibu, wimbi zima moja linapita kama kila dakika tatu na sekunde ishirini na kitu. Mpigo wa GPS wenyewe unacheza makumi ya nanosekunde kwa hiyo picha inatetemeka, lazima utulie uangalie muda mrefu usiamini dakika mbili za kwanza. Nikiongeza hatua moja, heksa iishie A6, linateleza upande wa pili na kwa kasi zaidi kidogo. Katikati hakuna kitu, DDS haina hatua ya katikati.

Dawa yake ni sumaku. Kuzunguka kile kichupa kuna koili inayotengeneza uga mdogo wa sumaku na uga huo unasogeza kidogo frikwensi ambayo rubidi inaitikia, na mashine yangu ina potensiomita ya kuurekebisha. Unazungusha kidogo sana, unasubiri, unaangalia wimbi. Hii ni kazi ya jioni nzima na haitaki haraka. Mwisho wimbi lilisimama, na kwa saa kadhaa halikuwa limepita hata moja. Mkumbuke tu kwamba ukishagusa hiyo potensiomita ile R inayosomwa na S si ya kweli tena, ukitaka kuhamia frikwensi nyingine baadaye lazima uikokotoe upya kutoka kwenye hii 10 MHz uliyoisahihisha.

Kitu kingine nilichokiona, kimo cha wimbi kwa 10 MHz kwangu ni kidogo kuliko kilivyokuwa kwa 8.388608, filta ya output inaonekana ilipangiwa kazi ile ya kwanza. Sikufungua filta, nimeweka amplifaya ndogo ya bafa na kaunta inaipokea vizuri.

Kwa kaunta na kusahihishia vifaa vingine naipa alama zote. Kwa setilaiti ukiitumia moja kwa moja hapana, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu watu wananunua rubidi wakidhani ndiyo mwisho wa matatizo. DDS inatoa vijimasafa vya pembeni visivyotakiwa, kwenye 10 MHz viko chini huvioni, ila ukizidisha mpaka 10 GHz umezidisha mara elfu na kila kelele inapanda desibeli 60 juu ya ilivyokuwa. Nilivisikia kabisa, sauti ya bikoni, ile ishara ya kudumu ya setilaiti, pale 10,489.750 ilikuwa na mkwaruzo ambao haukuwepo kwa kristali ya kawaida ya LNB, frikwensi imetulia kabisa lakini chafu. Nilichofanya ni kuchukua OCXO ya 10 MHz, kristali iliyo kwenye kijioveni, nikaifunga kwa rubidi kupitia PLL ya polepole sana, hapo rubidi inaamua frikwensi ya muda mrefu na OCXO inatoa wimbi safi, halafu hiyo ndiyo inaenda kutengeneza 25 MHz. Mkwaruzo umekwisha, na mchana wa jua kali stesheni inakaa pale pale nilipoiacha asubuhi.

Nyingine ya kujua ni taa, inazeeka, na mtumba huwezi kujua imewaka miaka mingapi kwenye mtambo, kwa hiyo mimi siiachi usiku na mchana, naiwasha nusu saa kabla ya kazi. Na kama unachohitaji ni 10 MHz tu basi nunua lile toleo la 10 MHz, limepangiwa kazi hiyo tangu kiwandani, hesabu zote hizi hutazihitaji. Kama unataka frikwensi nyingine, mwambie muuzaji aiwashe, aandike S, akutumie picha ya jibu la R na F pamoja na kipimo cha pini ya 3 ikiwa imeloki. Muuzaji wangu aliandika 10 MHz kwenye tangazo na ikaja hii, kwangu ilikuwa heri, kwa mwingine isingekuwa.