Instagram kwa msanii anayechora mwili: nyota tatu kati ya tano

Kwa msanii anayeonyesha mwili ulivyo, mikunjo, makovu na kitambi, Instagram ina watazamaji tele, ila bawabu wake ni mashine inayokagua posti. Kanuni zinaruhusu uchi kwenye michoro na sanamu. Picha ya kamera yenye chuchu ya mwanamke hufutwa, isipokuwa ya kunyonyesha, kujifungua au kovu la upasuaji wa titi.

Kasheshe huja kwenye mchoro wa rangi za mafuta unaofanana mno na picha ya kamera: mashine huuona ni picha kweli. Upige picha pamoja na fremu na kipande cha ukuta, pikseli 1080 kwa 1350, alama za brashi zionekane, na utaje turubai kwenye maelezo. Ukishaposti, angalia hali ya akaunti kwenye mipangilio. Ikizuiwa kupendekezwa kwa wasiokufuata, kata rufaa papo hapo.

Kelele nazo husaidia. Mwaka 2020, picha za mwanamitindo Nyome Nicholas-Williams zilipoondolewa, watu walilalamika hadi kanuni kuhusu picha za mtu anayeshika matiti yake ikarekebishwa.

Kuweka ukungu juu ya chuchu huokoa posti, lakini jicho la mtazamaji huishia hapo hapo kwenye ukungu. Kazi nzima iweke kwenye tovuti yako.