Wiski ya Uskoti kwa mnywaji wa Nyanda za Juu Kusini: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Julai mwaka jana, Gangilonga, katika ile baridi ya Iringa inayomfanya mtu akae na koti ndani ya nyumba, tulichanga watu watatu. Badala ya mzinga mmoja tukanunua chupa ndogo tatu: Red Label na Black Label za Johnnie Walker, na Grant's. Shemeji yangu alikuwa na msimamo wake wa siku nyingi kwamba wiski zote ni moja, tofauti ni karatasi tu. Nikamimina kwenye glasi tatu zinazofanana yeye akiwa nje, nikazipanga bila kumwambia ipi ni ipi. Alinusa ya kwanza akapita. Ya pili akaishika muda, akanusa tena, akasema, "Shemeji, hii ina moshi. Kama jikoni kwa mama kule Kilolo." Ilikuwa Black Label.

Mtu aliyekulia huku, anayejua ulanzi huu (pombe ya mianzi) bado ni mtogwa, yaani mtamu, na huu umeshakuwa mkangafu, yaani mkali, hata kabla hajaonja, ana pua na ulimi unaomtosha kabisa kuchagua wiski. Kinachotupoteza ni kununua kwa jina, kununua chupa kubwa mara ya kwanza, na kuonja moja moja kwa miezi tofauti. Wiski inajulikana ikiwekwa kando ya nyingine. Kwa hiyo kama unaanza, tafuta chupa za mililita 200 au 375, au agiza toti mbili tofauti baa usiku mmoja, uzinywe pamoja taratibu. Mzinga wa mililita 750 una toti 25 za mililita 30. Ukikosea chaguo, utaishi na kosa hilo muda mrefu.

Kwanza chupa yenyewe inasema nini. Ili iitwe "Scotch", sheria inataka wiski ipikwe Uskoti, ikae kwenye mapipa ya mwaloni hukohuko kwa miaka isiyopungua 3, na iingie kwenye chupa ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Kinachoruhusiwa kuongezwa ni maji na rangi ya karameli, basi. Ndiyo maana nasema usinunue kwa rangi: wiski nyeusi haimaanishi imekaa sana, yawezekana imepakwa tu. Jameson ni ya Ayalandi na Jack Daniel's ni ya Tennessee, Marekani. Ni vinywaji vizuri, ila ukivilinganisha na hizi unalinganisha mbege na komoni.

Namba 12 kwenye karatasi ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo humo, si wastani. Na miaka hiyo ni ya kwenye pipa. Ikishaingia kwenye chupa haizeeki tena, hivyo chupa aliyoiacha babu kabatini mwaka 1995 ikiwa ya miaka 12, leo bado ni ya miaka 12. Umri unapandisha bei kwa sababu ya kweli: kila mwaka karibu asilimia 2 ya kilichomo kwenye pipa hupotea hewani, na mwenye mali analipia ghala muda wote huo.

Neno "Single Malt" maana yake imetoka kwenye mtambo mmoja na imetengenezwa kwa kimea cha shayiri pekee. Kimea ni kimea kilekile tunachokijua: nafaka inaloweshwa, inaota, inakaushwa, kama mama zetu wanavyofanya na ulezi. "Blended" ni mchanganyiko wa wiski za kimea na za nafaka nyingine kama ngano au mahindi, kutoka mitambo mingi. Usiidharau. Sehemu kubwa ya wiski ya Uskoti inayonyweka duniani ni ya mchanganyiko, na mchanganyaji hodari ni fundi kamili.

Sasa jambo linaloniuma. Miaka miwili iliyopita, kabla ya send-off ya mdogo wangu, nilinunua Black Label kwenye duka moja Mbeya, bei ikiwa chini kidogo kuliko kwingine. Mbele ya wazee nikakamata kizibo, kikazunguka chote bila ile pete ya chini kukatika. Harufu ilikuwa sukari iliyoungua na spiriti ya dawa. Baba mkubwa aligusisha mdomo, akaiweka glasi chini taratibu, akaomba soda. Hakusema neno, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Kwa hiyo, dukani: shika chupa kabla ya kulipa. Vinywaji vikali Tanzania vina stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato (TRA) tangu 2019, na kuna programu ya simu inayoitwa Hakiki Stempu. Piga skani palepale kaunta. Muuzaji mwaminifu wa Mwanjelwa kule Mbeya au Miomboni hapa Iringa hatakasirika. Angalia stempu kama imenyooka au imebanduliwa na kubandikwa upya. Jaribu kuzungusha kizibo kidogo, kisisogee. Ipindue chupa kwenye mwanga, kusiwe na vumbi linaloelea. Chupa ikikosa stempu na ukaambiwa "hii imepita mpakani Tunduma ndiyo maana rahisi", iache. Ukimaliza chupa ya kwako nyumbani, toboa au kwangua karatasi yake kabla ya kuitupa, maana chupa tupu nzima ndiyo mtaji wa wanaojaza feki.

Haya, mpangilio wangu, kwa mnywaji wa wikiendi ambaye hela yake ina kazi nyingine.

Nafasi ya kwanza naipa Johnnie Walker Black Label, bila kusita. Huku bei yake mara nyingi inakaribia mara mbili ya Red Label, na bado nasema inastahili. Ina miaka 12, ina utamu kama wa zabibu kavu, kisha mwishoni unakuja ule moshi alioukamata shemeji. Moshi huo hautoki kwenye pipa. Baadhi ya wiski zilizochanganywa humo zinatoka visiwa vya Uskoti, ambako kimea hukaushwa kwa kuchoma udongo mweusi wa mimea iliyooza bondeni karne nyingi. Fikiria udongo wa vinyungu, zile bustani za bondeni, ukatwe vipande kama matofali, ukauke juani, kisha uwashwe moto. Moshi wake unaingia kwenye shayiri na hautoki tena. Kwa chupa hii moja unajifunza utamu, pipa na moshi kwa pamoja, na baada ya hapo utajua unataka kwenda upande gani. Ukipenda moshi zaidi kuna Double Black, ingawa hiyo haina umri ulioandikwa.

Ya pili ni Grant's Triple Wood, ile yenye chupa ya pembe tatu. Imepita kwenye mapipa ya aina tatu, ni laini, na kwa wiski ya rafu ya chini inajitahidi sana. Hii ndiyo ya kuweka nyumbani kwa matumizi ya kawaida. Kwenye jaribio letu la Gangilonga watu wawili kati ya watatu waliiweka mbele ya Red Label.

Ya tatu, Glenfiddich 12, kama unataka kujua wiski ya mtambo mmoja ikoje. Inatoka Dufftown, eneo la Speyside, kwenye mtambo ambao William Grant aliujenga na wanawe. Tone la kwanza lilitoka siku ya Krismasi 1887. Ndiyo, ni familia ileile ya Grant's hapo juu, na bado mali ni yao. Ukiinusa utapata peasi bivu, moshi hamna. Wengi wanalipa bei yake kisha wanaizamisha kwenye kola. Ukitaka kufanya hivyo nunua Grant's, ubaki na chenji. Glenlivet 12 ni jirani yake kwa tabia na kwa bei, chukua ile iliyo nafuu siku hiyo.

Chivas Regal 12 naiweka ya nne. Asali, tufaha, hakuna moshi kabisa. Kwa zawadi ya baba mkwe ambaye hujui ladha yake ningeipeleka hii kabla ya Black Label, kwa sababu sijaona mtu aliyeikunjia uso.

Monkey Shoulder inafuata, ikiwa utaikuta. Ni mchanganyiko wa wiski za kimea tupu. Jina lake ni kumbukumbu ya maumivu ya bega waliyoyapata wafanyakazi waliokuwa wakigeuza shayiri kwa koleo sakafuni siku nzima. Tamu, nzito kidogo, inakubali kuchanganywa.

Red Label ni ya kuchanganya, na ukiitumia hivyo haikuangushi: tangawizi ya baridi, kipande cha ndimu, umemaliza. Kuinywa kavu ni kuitafutia lawama. J&B ni nyepesi zaidi ya hapo, Ballantine's Finest ina utamu kidogo, VAT 69 na Black & White ni za bajeti ikibana. Kati ya hizo nne fuata bei.

Namna ya kuionja haina ugumu. Usiingize pua yote ndani ya glasi, kilevi kitakupiga. Isogeze kidogo, mdomo ukiwa wazi. Onja kavu kwanza, kisha tia maji kijiko kimoja cha chai uonje tena. Maji yanafungua harufu, na kwa Glenfiddich utaona tofauti mara moja. Barafu kwa Mafinga au Makete mwezi Juni ni kazi bure, kinywaji kimeshapoa chenyewe na barafu inaua harufu uliyoilipia. Kula kwanza. Chupa isimame wima, mbali na dirisha. Ikibaki chini ya robo, waalike watu, kwa sababu hewa iliyomo inaanza kuichakaza ladha.

Zimebaki zile za moshi mkali. Talisker 10 ya kisiwa cha Skye, yenye kilevi cha asilimia 45.8, na Laphroaig 10 ya kisiwa cha Islay. Usitarajie kuzikuta kirahisi Mbeya wala Iringa. Mwagize ndugu anayepitia uwanja wa ndege. Wala usianze nazo. Laphroaig inanuka moshi, chumvi ya bahari na ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda. Nilipoletewa, nilimmiminia shemeji kidogo bila kumwambia jina. Alikunja uso, akasema, "Hii ni ya zahanati," akaisogeza pembeni. Wiki mbili baadaye alinipigia simu kuuliza kama bado imebaki.