Intaneti ya Sudan Wakati wa Vita: Tathmini ya Mtumiaji Aliyeko Tanga

Ninaandika tathmini hii nikiwa Chumbageni, Tanga, ingawa huduma ninayoieleza iko Sudan. Mdogo wangu alikwenda Khartoum kusoma, akaolewa hukohuko, na tangu vita kati ya jeshi la serikali na kikosi cha wanamgambo cha RSF vilipozuka tarehe 15 Aprili 2023, intaneti ndiyo njia pekee inayotujulisha kama yeye na wanawe wako salama. Huduma alizozitumia nimezijua kwa kusubiri ujumbe wake, na naamini anayesubiri ana haki ya kuzipima sawa na anayelipia bando.

Nianze na mitandao ya simu. Kampuni kubwa ni tatu, yaani Zain, Sudani na MTN, na kwa miezi ya mwanzo zilijitahidi kuliko nilivyotarajia, maana minara ilikosa umeme na dizeli ya jenereta ikawa haipatikani kwa urahisi. Kasoro yake kubwa ilikuwa kwamba mitambo mikuu ilikuwa Khartoum, katikati ya mapigano. Mwanzoni mwa Februari 2024 mitandao yote mitatu ilizimika ndani ya siku chache, karibu nchi nzima ikakosa mawasiliano, na RSF ikatuhumiwa kuvizima vituo vya mitambo hiyo. Wakati huo mdogo wangu alikuwa amehamia kijiji kimoja cha jimbo la Gezira. Kwa siku kumi na tisa alama ya tiki kwenye ujumbe wangu ilibaki moja. Tena hasara haikuishia kwenye salamu: Wasudani wengi hununua hata mkate kwa Bankak, programu ya Benki ya Khartoum, kwa sababu noti zimeadimika, hivyo mtandao ulipokatika, fedha iliyokuwa ndani ya simu haikuweza kununua chochote. Mitandao hii naipa alama mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za mafundi waliokwenda kuwasha minara huku risasi zikilia.

Kilichotuokoa ni dishi la Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, lililoingizwa kijijini kwa njia za magendo. Mwenye duka alilipandisha juu ya paa pamoja na paneli ya sola, akatandika mikeka barazani, na kila aliyefika akaandikwa jina na saa kwenye daftari. Neno la siri lilibadilishwa kila baada ya saa moja, ili aliyemaliza muda wake asiendelee kutumia. Mdogo wangu alijifunza kupanga saa yake kwa mpangilio maalumu: kwanza anafungua Bankak apokee fedha na kumlipa muuza unga, kisha anapakua ujumbe wote, halafu ananirekodia sauti akiwa njiani kurudi nyumbani ili iwe tayari kutumwa safari ijayo. Ujumbe wa kwanza ulionifikia baada ya kimya kile ulikuwa wa sekunde arobaini. "Shikamoo kaka, sote wazima, usitume picha, zinakula muda," alisema, na nyuma ya sauti yake nikasikia watoto wakigombania maji. Niliurudia mara nyingi nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, na mama aliposikia alishukuru Mungu, akaniomba niuweke tena.

Kwa ubora wa mawasiliano, dishi lile lilistahili alama nne. Kwa bei na usalama siwezi kulipatia zaidi ya alama moja, kwa kuwa mfanyakazi wa kibarua hana uwezo wa kulipia saa kila siku, na katika baadhi ya maeneo waliosimamia madishi na kukusanya malipo walikuwa watu wenye silaha. Mnamo Aprili 2024 tulipata hofu nyingine, Starlink ilipotangaza kuwa itasitisha huduma kwa wanaoitumia katika nchi ambako haina kibali, Sudan ikiwemo; mashirika ya misaada yalipinga, na dishi la kijiji halikuzimwa.

Mwishoni mwa mwezi huo alifika Port Sudan, ambako mitandao ya simu ilikuwa imekwisha kurejea tangu Februari, kwa kuwa kampuni zilihamishia kazi zake huko. Mji huo una faida ambayo watu wa pwani tunapaswa kuielewa: mkongo wa intaneti wa chini ya bahari uitwao EASSy, ulioanza kazi mwaka 2010, unaanzia Port Sudan, unapita Mombasa na Dar es Salaam, na kuishia Mtunzini, Afrika Kusini. Maana yake ni kwamba unakatiza baharini mbele yetu hapa Tanga. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mkongo huo na ule wa SEACOM ulipokatika upande wa kusini, faiba ya nyumbani kwangu ikashindwa kufungua hata ujumbe. Mtandao uliporudi nikakuta ameniandikia mara sita akiuliza tumepatwa na nini. Huduma ya Port Sudan naipa alama tatu na nusu. Ingefika nne kama si umeme, ambao ulikuwa wa mgao hata kabla ya droni kushambulia mji huo Mei 2025 na kuharibu maghala ya mafuta na kituo cha umeme.

Kwa mwenye ndugu aliye huko, nashauri utume maandishi mafupi na sauti, uache simu za video, na fedha uzipitishe kwa mtu unayemwamini ambaye ana jamaa wa kumwekea ndugu yako kwenye Bankak. Mtumie pia fedha ya kutunza chaji, usihesabu bando peke yake. Mdogo wangu amenunua betri kuukuu ya bajaji, huichaji umeme ukirudi, na usiku huitumia kuwashia simu yake na za majirani wawili.