Mwaka mmoja na wakili wa ada nafuu: uzoefu wangu kama mwenye karakana ya samani Keko

Kwa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikilipia ushauri wa kisheria kwa ofisi ndogo ya mawakili wawili hapa Dar es Salaam. Karakana yangu iko Keko, ina mafundi sita, na kazi yetu kubwa ni vitanda, makabati na viti vya mninga na mkongo. Ninalipa shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo ninaruhusiwa kuuliza maswali kwa simu, kusomewa mkataba mmoja kabla sijausaini, na kuandikiwa barua moja ya kikazi. Mambo ya mahakamani yana malipo yake ya pekee, nayo hukubaliwa kwa maandishi kabla kazi haijaanza. Ninaeleza yaliyonikuta kwa sababu mafundi wenzangu wengi bado wanaamini kuwa wakili ni mtu wa kutafutwa siku ya kesi, na imani hiyo karibu ifunge karakana yangu.

Mwenye nyumba ya wageni alitupa oda ya vitanda 24, kila kimoja shilingi 650,000, akalipa nusu ya fedha kama malipo ya awali. Tulipomaliza na kumpelekea mzigo, aliupokea wote, akavipanga vitanda vyumbani, kisha baada ya wiki sita akasema rangi ya vanishi si ile aliyoitaka na kwamba hatalipa nusu iliyobaki. Nilikuwa ninamdai shilingi 7,800,000, na mbao nyingine nilikuwa nimezichukua kwa mkopo. Mkataba wa maandishi hatukuwa nao. Tulikuwa na jumbe za WhatsApp, picha kadhaa na daftari langu la oda.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumfuata mtu aliyejitambulisha kuwa wakili, ambaye hukaa na mkoba karibu na mahakama. Alichukua shilingi 200,000 bila risiti, akaniandikia barua ya kurasa mbili kwa Kiingereza kigumu na kuigonga mhuri. Wiki moja baadaye mteja alinijibu kuwa amelitafuta jina lililo kwenye mhuri ule katika e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa mtandaoni wenye majina ya mawakili, na hakulikuta. Nililitafuta mwenyewe kwenye simu, nikaona ni kweli. Iliniuma sana, kwa kuwa fedha ile ilikuwa posho ya mafundi ya siku kadhaa, na mteja sasa alikuwa na sababu ya kunidharau.

Ofisi ninayoisifu leo nilielekezwa na fundi mwenzangu. Safari hii nilianza kwa kulitafuta jina la wakili katika mfumo uleule, nikalikuta likiwa na leseni hai, ndipo nikapanda ngazi. Ushauri wa kwanza uligharimu shilingi 30,000 nikapewa papo hapo risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Wakili, dada mmoja mtulivu, aliomba simu yangu, akazisoma jumbe zote tangu ya kwanza huku akinukuu tarehe kwenye karatasi. Kisha alinieleza kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba Sheria ya Mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu jumbe za simu kupokelewa kama ushahidi, na kwamba mteja aliyepokea mzigo na kuutumia kwa wiki sita bila kulalamika ana kazi ngumu ya kuukataa leo.

Nilikuwa nimekwenda na hasira, nikitaka kesi ifunguliwe siku ileile. Alinizuia. Alisema kesi ingeweza kuchukua muda mrefu na kunitoa karakanani mara kwa mara, hivyo tuanze na notisi ya madai ya siku 14, ambayo aliiandika kwa shilingi 120,000. Kwa upande wake kesi ingekuwa na malipo makubwa zaidi, naye alinishauri njia iliyompa kidogo. Tangu siku hiyo nimemwamini. Mteja alipiga simu siku ya kumi na moja. Alilipa kwa awamu tatu, na ya mwisho iliingia baada ya miezi miwili.

Hata hivyo, kilichonifaa zaidi ni mkataba wa oda aliotuandalia baadaye. Nilimpelekea rasimu yangu niliyoiandika usiku, nikiamini imekamilika. Aliisoma kwa kalamu ya risasi mkononi, akafika mstari wa tatu akasimama. “Kaka, umeandika ‘rangi nzuri.’ Nzuri kwa nani?” Leo mkataba wetu una kurasa mbili za Kiswahili, na kwenye kila oda mteja husaini nyuma ya kipande cha mbao kilichopakwa vanishi aliyoichagua, nasi tunakitunza mpaka malipo yaishe. Unaeleza pia nani analipa usafiri, mteja ana siku ngapi za kueleza kasoro baada ya kupokea mzigo, na kwamba samani zinabaki mali ya karakana hadi shilingi ya mwisho ilipwe. Tangu tuanze kuutumia, wateja wawili wamekataa kusaini wakaondoka. Sikuwafuata.

Kwa upande wa mafundi, alinionyesha kwamba kumwambia mtu “kesho usije” kunaweza kunifikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa kuwa mfanyakazi aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko. Mafundi wangu wa kudumu sasa wana mikataba ya maandishi yenye likizo ya siku 28 kwa mwaka, na wanaokuja kwa oda moja wana mkataba wa kazi maalumu. Kwenye mkataba wa pango nilijifunza mambo mawili ambayo dalali hakuwahi kunitajia: usipolipiwa ushuru wa stempu hauwezi kupokelewa mahakamani kama ushahidi, na mimi mpangaji mfanyabiashara ndiye ninayetakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato (TRA). Mwenye nyumba hakufurahi, na tulivutana kwa karibu mwezi mzima.

Huduma hii ina upungufu wake. Asubuhi mawakili wote wawili huwa mahakamani, na simu hujibiwa kuanzia saa nane mchana. Kwa mtu aliyesimama na mteja mbele yake anayetaka kusaini sasa hivi, hilo ni tatizo. Mwezi Desemba nilisubiri siku tisa kurudishiwa mkataba, ingawa tulikubaliana siku tatu. Rasimu ya kwanza ya mikataba ya ajira ililetwa kwa Kiingereza, na ilibidi nidai ya Kiswahili, jambo ambalo naona halikupaswa kudaiwa kwa karakana ambayo mafundi wake wote wanasoma Kiswahili. Haki ya kusomewa mkataba, usipoitumia ndani ya mwezi, hupotea.

Mwenye kibanda cha bidhaa ndogo asiye na wafanyakazi sidhani kama anahitaji kulipa kila mwezi. Ushauri wa mara moja wa shilingi 30,000 unamtosha. Asiye na uwezo kabisa anaweza kuwatafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Lakini anayepokea oda kubwa kwa malipo ya nusu, mwenye mafundi na pango, kwake ada hii inastahili kabisa. Nimelipia mwaka wa pili wiki iliyopita, kwa sharti nililoomba liandikwe: mkataba ukichelewa zaidi ya siku tatu, ada ya mwezi huo haiingizwi kwenye ankara yangu. Walikubali, na wakili akalisaini mbele yangu.