Haidromita ya kioo: kama unapika bia nyumbani usiiruke

Wadau mnaopika bia nyumbani huku Uingereza, naona wengi mkiagiza vifaa mara ya kwanza mnachukua ndoo, kimea cha kopo na hamira, alafu hiki kidude cha kioo cha kupimia sukari iliyomo kwenye bia mnakiacha mkisema mtaangalia mapovu ya eyaloki, kile kivalvu cha maji juu ya mfuniko kinachotoa gesi. Jamani chukueni. Bei yake ni kama glasi mbili za bia pub na hakuna kifaa kingine cha bei hiyo kitakachokwambia ukweli kuhusu ndoo yako.

Eyaloki inadanganya pande zote mbili. Mfuniko usipobana vizuri gesi inapita pembeni, unaona kimya unadhani bia imeiva kumbe hamira ndo kwanza inakula sukari. Au bia imeshamaliza kitambo ila chumba kimepata joto, ile gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani inaanza kutoka, na eyaloki inabwabwaja tena kama mwanzo.

Haidromita yenyewe inaelea tu, sukari ikiwa nyingi inapanda juu, ikipungua inazama. Maji matupu ya nyuzi 20 yanasoma 1.000, bia ya kawaida kabla ya kutia hamira inakuwa kwenye 1.045 mpaka 1.050 hivi, na ikimaliza nyingi zinakaa karibu na 1.010, lakini usikariri hiyo namba maana stauti (bia nyeusi) iliyotiwa laktosi, sukari ya maziwa ambayo hamira haiili, inaweza kuishia 1.020 na ikawa imemaliza kabisa. Cha kuangalia ni namba kuacha kushuka. Pima leo, pima tena baada ya siku mbili tatu, ukipata ile ile na haiko mbali na ulivyotegemea, fungia chupa. Ikigota juu kwenye 1.025 na bia ni ya kawaida tu, hamira imezubaa, mara nyingi ni baridi, sogeza ndoo penye joto kidogo usubiri.

Namna ya kusoma: safisha kila kitu kwa sanitaiza, chota bia ujaze ule mrija unaokuja nayo, tumbukiza haidromita, alafu izungushe kwa vidole, kwa sababu vipovu vinang'ang'ania kwenye kioo vinaiinua na utasoma namba ya juu kuliko ya kweli. Weka jicho usawa wa bia na usome pale bia ilipolala, sio kile kimdomo kinachopanda kwenye kioo. Sampuli usiirudishe kwenye ndoo, onja, utamu uliobaki nao unakupa habari.

Kasoro zipo. Kioo ni chembamba mno, mrija wa plastiki waliouweka ni mwembamba mpaka haidromita inagusa ukuta, na ile karatasi ya namba ndani inaweza kuwa imekaa vibaya tangu kiwandani, kwa hiyo kabla ya kuiamini iweke kwenye maji ya nyuzi 20. Yangu inasoma 1.002 hapo, basi kila nikipima natoa 0.002. Bia ikiwa na joto la nyuzi 30 unaongeza kama 0.002 au 0.003.

Wapo watakaosema bibi zetu Kilimanjaro hawakuwa na haidromita na mbege ilinyweka. Kweli, lakini mbege inanywewa ikiwa bado inachacha, haifungiwi kwenye chupa ikakaa wiki kadhaa. Bia ambayo haijamaliza ukaifunga, ukaongeza na ile sukari ya kutia gesi, chupa inapasuka na vioo vinaruka, na kwenye nyumba yenye watoto hilo sio jambo la kubahatisha.

Faida nyingine, unajua ukali wa bia yako. Chukua namba ya kwanza utoe ya mwisho, zidisha kwa 131.25, yaani 1.048 ikishuka mpaka 1.010 una bia ya asilimia 5. Naipa nyota nne, ya tano nimeinyima kwa sababu ya ule mrija, na ukiagiza chukua mbili kabisa maana ikigonga sinki imekwisha.